Folda Tupu Yenye Uzito

Maiti ilikuwa na figo moja tu, na hiyo moja ilikuwa imeacha kazi zamani kuliko mwenyewe.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alivua glovu, akazitupa kwenye ndoo.

"Iliyotolewa ni ya kushoto," alimwambia Inspekta. "Mbovu ni ya kulia, nayo bado imo. Walichukua nzima, wakamwachia mbovu. Hapo haponi mtu."

"Walikosea upande."

"Mimi nasema ninachokiona. Nani alikosea, hiyo kazi yako."

Nje ya mochwari, mama wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba ameufumbata kifuani. Wahudumu walikuwa wamemletea fomu ya kuchukulia mwili tangu asubuhi. Ilikuwa pale pale pembeni yake, hajaigusa.

"Mwanangu aliingia hapa kwa miguu yake," alimwambia Inspekta. "Simchukui mpaka mtu aniambie nani aliyekosea. Wakichoka kuniona, wanibebe na mimi wanilaze humo humo."

"Nipe muda, mama."

"Muda ninao. Niliyekuwa namhudumia ndiye huyo ndani."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, sauti ya kukwaruza, na tabia moja iliyomnyima vyeo miaka yote: hafungi faili kwa kuombwa. Wakubwa zake walimwita mbishi. Sawa, alikuwa mbishi. Mbona wapole tunao tele na kesi hazitembei?

Ukiitazama juu juu, kesi ilikuwa nyepesi. Daktari Mkuu wa Upasuaji, mtu mrefu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka kama ubao, alikuwa na jibu lake tayari.

"Nilipasua kwa mujibu wa picha ya eksirei. Picha ilionyesha figo ya kushoto haifanyi kazi. Nikatoa ya kushoto."

"Ulipoishika hukuona kwamba ni nzima?"

"Inspekta, figo iliyokufa kazi haina bango. Kwa nje zinafanana."

Mpiga eksirei, kijana mwembamba aliyevimba macho kwa kulia, naye alikuwa na lake.

"Picha yangu ilisema kulia. Kialama cha upande, kile kinachoonyesha kulia au kushoto kwenye picha, nilikiweka mimi mwenyewe kwa mkono huu. Haki ya Mungu tena!"

Basi si waifungue hiyo picha, yaishe? Thubutu! Picha haikuwepo. Kwenye mashine kuu ya hospitali ilikuwa imefutwa. Kwenye seva ya akiba, ile mashine inayotunza nakala za kila kitu endapo kikipotea, nakala zote za nyuma zilikuwa zimefutwa pia. Imebaki moja tu, ya juzi juzi, na picha haimo.

Inspekta aliliona jambo moja pale pale, wala halikuhitaji elimu. Kama picha ilisema kulia, aliyeua ni Daktari Mkuu, na ndiye mwenye sababu ya kuifuta. Kama ilisema kushoto, aliyeua ni mpiga eksirei, na sababu ni yake. Mpate aliyefuta, umempata aliyeua.

Ila kumbukumbu za seva zilimtaja mtu wa tatu. Zilisema nakala zimefutwa na mtunza seva, mwanamke ambaye hospitali nzima inamwita Mama Akiba. Hospitali ikapumua. Wenzake Inspekta wakamkamata mbio mbio, wakamweka mahabusu, na Inspekta alipofika kituoni akakuta maelezo ya onyo yameshaandikwa, tena kwa Kiswahili kizuri: kwamba yeye mtuhumiwa, kwa uzembe wake, alifuta nakala. Ilibaki saini tu.

"Sisaini," Mama Akiba alisema kabla Inspekta hajakaa.

"Ukisaini, hospitali itakuachisha kazi, mambo yaishie hapo. Usiposaini, kesho asubuhi unasomewa shtaka la kuharibu ushahidi. Hiyo ni jela."

"Nimesikia. Sisaini. Nimesema Kiswahili au nikuchoree?"

Inspekta alivuta kiti. Alianza kumpenda.

"Kumbukumbu zinasema ulifuta."

"Zinasema jina langu lilifuta. Kuna programu ya kusafisha, niliiandika mimi. Seva ikishindwa kupokea nakala mpya, programu inatupa nakala kongwe kuliko zote, inajaribu tena. Ikikwama inatupa inayofuata. Inakwenda hivyo hivyo mpaka ipenye. Na inafanya kazi kwa jina langu, kwa sababu siku ile naiandika nilikuwa na haraka zangu. Huo ni uzembe, na nitausaini hata sasa hivi. Lakini kufuta sikufuta!"

"Kwa hiyo seva ilijaa, ikaanza kutupa."

"Haikujaa! Hapo ndipo mnaponichosha ninyi. Diski ina nafasi karibu nusu nzima. Nendeni mkaione."

"Sasa kama nafasi ipo, ilitupa kwa nini?"

Mama Akiba alijikuna kichwa, akatafuta maneno.

"Umewahi kwenda kliniki ukapewa namba ya foleni? Namba zikiisha mlango unafungwa, hata kama ndani viti vimejaa vumbi. Diski ni hivyo hivyo. Kila faili inachukua namba. Iwe kubwa kama nyumba, iwe tupu haina hata herufi moja, namba inachukua. Na idadi ya namba inapangwa siku diski inaandaliwa, haiongezeki. Mwaka jana mashine ya kupima moyo ilinimwagia vifaili vidogo vidogo mpaka namba zikaisha. Seva ikawa inalia imejaa, na nafasi tele."

"Huna king'ora?"

"Ninacho. Kinapima nafasi, hakipimi namba. Nilisema nitakirekebisha." Akatazama pembeni. "Sikukirekebisha."

"Nani mwingine anaijua habari hii ya namba?"

"Nani asiyeijua? Nilinung'unika wiki nzima. Daktari Mkuu alinicheka kwenye kikao mbele za watu, akasema seva yangu ni kama karani mvivu, viti vitupu na yeye anafukuza wagonjwa. Mdogo wangu naye alinisikiliza mezani mpaka chakula kikapoa."

"Mdogo wako?"

"Mpiga eksirei. Hukuambiwa? Tumbo moja, baba mmoja. Mama yetu alipofariki nilimlea mimi. Nilimfunga kamba za viatu, nikampeleka shule, nikamsubiri getini."

Wakati huo huo mlango ukagongwa. Alikuwa ni yeye mwenyewe, mpiga eksirei, ameshika bakuli la chakula lililofunikwa kwa kitambaa safi. Inspekta alimruhusu aingie. Akajifanya anasoma.

"Dada, umekula?"

"Weka hapo."

"Dada, nimeongea na wale wa utawala. Saini tu, wanasema itaishia hapo. Kazi utapata popote, wewe jina lako linajulikana. Saini, dada yangu, nakuomba."

Mama Akiba alilisukuma bakuli kando.

"Na wewe pia? Watu wote wameshindwa, wakakutuma wewe?"

"Hakuna aliyenituma."

"Basi chukua bakuli lako. Mtu anayetaka nikubali uongo sitakula chakula chake, hata kama nilimfundisha kukipika."

Kijana alitoka analia. Bakuli aliliacha mezani.

Inspekta alipotoka koridoni, simu yake ililia. Mkuu wa kituo.

"Hiyo faili ya hospitali ifungwe leo. Mtuhumiwa yupo, kumbukumbu zipo. Unatafuta nini tena?"

"Aliyeua, mkuu."

"Usinianze."

"Basi njoo uifunge mwenyewe, mkuu, na uweke jina lako pale chini. Langu siliweki."

Simu ilikatwa. Inspekta akairudisha mfukoni, akamwambia askari wa zamu amtoe Mama Akiba, amtie pingu kama sheria inavyotaka, waende wote hospitali.

Chumba cha seva kilikuwa chembamba, baridi, kinanguruma. Koplo wa kitengo cha makosa ya mtandao alikuwa ameshatangulia, amekaa mbele ya skrini, anatafuna karanga.

"Namba za faili zipo tele," alisema. "Kama kuna mtu alimwaga vifaili vitupu, ameshavizoa vyote. Hapa pamefagiliwa, afande. Hakuna kitu."

Inspekta aliguna. Ndiyo yale yale. Akamgeukia Mama Akiba.

"Unasemaje?"

Mama Akiba alisogea mpaka pingu zikagonga meza.

"Usitazame kilichomo ndani ya folda," alimwambia Koplo. "Tazama folda yenyewe. Uzito wake."

"Folda tupu ina uzito gani?"

"Folda inatunza majina ya faili zilizomo. Majina yakiongezeka, inatanuka. Lakini ukiyafuta hairudi. Ni kama lastiki ya gauni la mjamzito. Umeshazaa, mtoto yuko mgongoni, gauni bado linaning'inia. Pitia folda zote tupu, uniambie ipi inaning'inia."

Koplo aliacha karanga. Vidole vikakimbia. Orodha ikashuka kwenye skrini, folda baada ya folda, zote nyepesi, zote sawa. Halafu moja ikajitokeza.

"Mama yangu!" Koplo alisema. "Hii ni tupu kabisa, na ina uzito kuliko folda nyingine zote ukizijumlisha. Ilishawahi kubeba majina kwa mamilioni."

"Ni ya nani?" Inspekta aliuliza.

Koplo alisoma. Mama Akiba alikuwa ameshaiona.

"Ni folda ya kupokelea picha za chumba cha eksirei," Koplo alisema. "Inaandikwa kutoka kwenye mashine ya kule kule tu."

Feni za seva zikaendelea kuvuma.

"Funguo za chumba kile wanazo wangapi?" Inspekta aliuliza polepole.

"Wawili," Mama Akiba alijibu. "Daktari Mkuu ana funguo za kila mlango."

"Na wa pili?"

"Si unamjua? Usinitese."

Inspekta hakumtesa. Alimwambia Koplo achukue nakala kamili ya diski, aifunge kwa lakiri, asaini. Ilipokwisha, aliwaita Daktari Mkuu na mpiga eksirei pale koridoni. Akawaambia wote wawili maneno yale yale.

"Tumepata folda tupu yenye uzito, ni ya chumba cha eksirei. Kuna mtaalamu anatoka makao makuu kuja kuichukua mchana. Kwa sasa isiguswe na mtu."

"Folda tupu!" Daktari Mkuu alicheka. "Serikali inalipa watu wapime uzito wa hewa. Njoo ofisini kwangu, Inspekta, nikuambie uchunguzi unafanywaje."

"Nakuja," Inspekta alisema. Hakuna aliyewahi kumwona mpole namna ile.

Ofisini alikaa, akakunja mikono mapajani, akasikiliza. Daktari Mkuu alizungumza kuhusu heshima ya taaluma. Alizungumza kuhusu jina la hospitali. Alikuwa amefika kwenye wanawake wanaopewa mashine wasizozimudu, simu ya Inspekta ikalia.

"Imeondoka, afande," Koplo alisema. "Folda nzima. Mtu ameifuta sasa hivi tunaangalia, ameweka nyingine mpya, nyepesi, jina lile lile."

"Mama Akiba ameona?"

"Ameona. Ameketi chini."

Inspekta alinyanyuka.

"Daktari, nilikuwa nimekuweka wa kwanza kwenye orodha yangu. Samahani." Alifika mlangoni, akageuka. "Siyo sana."

Walimkuta mpiga eksirei amekaa mbele ya mashine yake, mikono magotini, mgongo umenyooka kama mtoto aliyeambiwa atulie. Mama Akiba aliingia na pingu zake, askari akijaribu kumzuia. Inspekta alimpa askari ishara amwache.

"Isiguswe, nilisema," Inspekta alimwambia kijana. "Mbona umeigusa?"

"Sijagusa kitu."

"Folda ya zamani tunayo, tumeinakili na kuifunga kwa lakiri kabla sijawaambia. Daktari Mkuu alikuwa mbele yangu. Dada yako alikuwa na pingu. Nani mwingine anajua kwamba uzito ule hauondoki mpaka folda yenyewe ifutwe, iwekwe nyingine? Nani alifundishwa mezani?"

Kijana alimtazama dada yake. Kitu kikamtoka usoni, ule upole wote, machozi yote.

"Ndiyo, nimefuta!" alisema. "Na ningefuta tena. Mimi nilikosea kialama, yeye alikosea mtu! Mgonjwa yule mgongo ulimuuma, hakuweza kulala chali. Nikamlaza kifudifudi. Mgonjwa akigeuka, na kialama kinageuka, kila mpiga eksirei anajua. Siku ile mkono ulikwenda wenyewe, ukakiweka upande ule ule wa meza, kama kila siku. Basi! Kosa la mkono! Daktari Mkuu alishindwa nini kumpima mwenyewe? Alishindwa nini kuomba picha ya pili? Miaka yote nikipatia, sifa zake. Siku moja nikakosea, shingo yangu. Kwa nini?"

"Ukajaza seva."

"Siku yangu ya mapumziko. Niliifuta picha kwenye mashine kuu. Halafu nikatengeneza vifaili vitupu, nikanakili, nikabandika, nikachagua vyote, nikanakili tena. Vinazaana kwa kasi ya ajabu. Namba zikaisha, seva ikaanza kutupa ya zamani. Ilipofika pale nilipotaka, nikavizoa."

"Ukijua jina litakalotokea ni la dada yako."

"Dada angesaini!" Sauti ilimpasuka. "Angefukuzwa tu, angepata kazi siku ya pili! Mimi wakininyang'anya cheti, nimekwisha. Ilikuwa saini moja tu. Kichwa chake kigumu ndicho kilichotuponza!"

Mama Akiba alizungumza kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kichwa hiki kigumu ndicho kilichokulea. Ningekuwa na kichwa laini, ungelelewa na barabara."

Kijana aliinamisha macho.

"Ulijua lini kwamba umekosea?" Inspekta aliuliza.

"Kesho yake baada ya upasuaji. Nesi alisema hapati mkojo. Nikaifungua picha, nikamkumbuka alivyolala."

"Alikuwa hai."

Kijana alianza kukwangua ukingo wa meza kwa ukucha.

"Nauliza. Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Walikuwa wanamtibu nini?"

"Homa. Walidhani ni homa ya kidonda."

"Ungesema, wangempeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Mwanamke yule alikuwa kitandani anavimba, anamwita mama yake, na wewe uko humu unanakili vifaili vitupu." Inspekta alisogea mpaka mbele ya kiti chake. "Kosa la mkono ningeweza kulielewa, hata mimi nina mikono. Hili si la mkono."

Alimfungua Mama Akiba pingu. Zilikuwa bado na joto alipomvisha mdogo wake.

Mama wa marehemu alikuwa palepale kwenye benchi. Inspekta aliketi karibu naye, akamweleza yote, hakupunguza hata lile la mwisho. Mwanamke alisikiliza akiangalia ukuta.

"Kwa hiyo mtu alijua," alisema mwishowe.

"Alijua, mama. Na Daktari Mkuu hajanusurika. Kwa nini hakumpima mwenyewe, hilo nalo nitalipeleka mahakamani wapende wasipende."

"Peleka." Aliivuta ile fomu, akaisaini kwenye goti lake, taratibu, herufi moja moja. "Sasa nipeni mtoto wangu."

Jua lilikuwa bado juu walipofika kituoni. Mama Akiba alikaa kiti kile kile cha asubuhi. Bakuli lilikuwa bado mezani, limefunikwa. Inspekta aliweka mbele yake karatasi mpya, maelezo ya shahidi. Folda, uzito, programu, funguo, mazungumzo ya mezani.

"Ni ndugu yako wa damu," alimwambia. "Uko huru kukataa. Ukiniambia husaini, nitakuelewa, na hakuna atakayekugusa."

Mama Akiba alisoma neno kwa neno. Alirudi juu, akasoma tena.

"Habari ya king'ora haipo," alisema.

"Si lazima iwepo."

"Iandike. Kwamba nilijua hakipimi namba, nikakiacha. Na programu nayo, kwamba niliiweka kwa jina langu kwa uvivu."

Inspekta aliandika.

"Na hapa umeandika 'mpiga eksirei'. Kila mahali mpiga eksirei, mpiga eksirei. Futa."

"Niandike nini?"

"Andika 'mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemlea.' Wakiisoma mahakamani, wajue ni nani aliyesema, na imemgharimu nini."

Inspekta aliandika vile alivyoambiwa. Alipomaliza alisogeza karatasi.

Mama Akiba alifuta uso kwa kiganja, akakaza shingo.

"Haya," alisema. "Hii ni kweli. Lete kalamu."